Kibebeo cha mgongoni chenye fremu: tathmini baada ya miezi 18 ya matembezi ya mtoni na msituni

Mtu anayetafuta kibebeo cha mgongoni cha kumbebea mtoto katika matembezi ya familia kwa kawaida hujiuliza swali moja: nitaweza kwenda nacho umbali gani kabla mgongo haujaanza kulalamika? Nami nilianza na swali hilo hilo. Baada ya miezi 18 ya kukitumia kibebeo kimoja, karibu kila baada ya wiki mbili, kando ya mito na ndani ya misitu, naona kwamba kipimo kinachofaa zaidi ni kingine kabisa, nacho ni wepesi wa kumshusha mtoto na kumpandisha tena. Katika matembezi ya aina hii mtoto wa miaka miwili hakubali kukaa mgongoni kama mzigo uliofungwa nyumbani ukafunguliwe mwisho wa safari. Anataka kushuka amwone konokono, anatembea hatua hamsini, anachoka, anapandishwa, anaona daraja, anataka kushuka tena. Siku moja nilihesabu: katika njia ya kilomita tano, mwanangu alipanda na kushuka mara kumi na moja.

Kibebeo ninachokizungumzia kina fremu ya mabomba ya alumini, kiti cha kitambaa kilichoning'inizwa ndani ya fremu hiyo, mkanda mpana wa kiunoni, mikanda ya mabegani inayoweza kupandishwa au kushushwa kulingana na urefu wa mgongo wa anayebeba, paa dogo la kivuli, na guu la nyuma linalofunguka ili kibebeo kisimame chini wakati wa kumpakia mtoto. Jina la mtengenezaji naliacha kando, kwa kuwa vibebeo vya daraja hili vinafanana kwa sehemu kubwa na mengi nitakayoyasema yanakihusu chochote kati ya hivyo. Kikiwa kitupu, mizani ya nyumbani ilionyesha kilo 3.2. Lebo yake inaagiza kwamba mtoto, vitu na kibebeo chenyewe kwa pamoja visizidi kilo 22, na mara ya mwisho nilipopima, mtoto alikuwa na kilo 12.4, maji lita mbili, na nguo za akiba na vikorokoro vingine kama kilo moja na nusu. Jumla ni kilo 19 na kidogo. Yaani mtu aliyedhani bado ana nafasi tele ya kuongeza vitu atashangaa jinsi kikomo kilivyo karibu.

Watu husoma kikomo cha juu na kukisahau cha chini. Kanuni ya usalama iliyotolewa Marekani mwaka 2015 kuhusu vibebeo vyenye fremu inavichukulia kuwa ni vya mtoto anayeweza kukaa wima mwenyewe bila kuegemezwa, mwenye uzito wa kati ya pauni 16 na 50, ambazo ni kama kilo 7 hadi 23. Ulaya kuna kiwango chake, EN 13209-1, kinachohusu vibebeo hivi hivi vya fremu. Mojawapo ya mambo yanayopimwa ni matundu ya miguu, kwa sababu mtoto mdogo kuliko kiti anaweza kuteleza na kupenya hapo. Shemeji yangu alipotaka kukiazima chetu kwa ajili ya mtoto wa miezi minne, nilimkatalia, na alininunia kwa muda. Mtoto wa umri huo mahali pake ni kwenye mbeleko, akiwa amebanwa mwilini mwa mzazi, shingo imeshikiliwa. Kiti kinachoning'inia ndani ya fremu hakimpi msaada huo hata ukikaza mikanda yote.

Sasa nirudi kwenye kupanda na kushuka, kwa kuwa ndipo fedha ya mnunuzi inapojibiwa. Utaratibu kamili, mtu akiwa peke yake, ni huu: unalifungua guu hadi lisikike likijifunga, unakisimamisha kibebeo mahali pa tambarare, unamwinua mtoto na kumteremsha kitini kwa juu, unapitisha miguu yake katika matundu, unafunga mkanda wa kifua chake, unapiga goti moja, unapenyeza mikono katika mikanda ya mabegani, unasimama kwa nguvu za mapaja, unafunga mkanda wa kiunoni kwanza na wa kifuani mwisho. Siku ya kwanza kazi hiyo ilinichukua dakika nne na mtoto akalia kwa dakika tatu kati ya hizo. Baada ya mwezi mmoja ilishuka chini ya dakika moja. Mabadiliko hayo hayakuletwa na ustadi wangu peke yake. Yaliletwa pia na ugunduzi kwamba paneli ya pembeni ya kiti hiki inafunguka kwa klipu mbili, jambo ambalo kijitabu cha maelekezo kililieleza kwa mstari mmoja katika ukurasa wa karibu na mwisho. Ikishafunguliwa, mtoto anapanda mwenyewe kama anayeingia kwenye kiti cha kawaida, na anashuka mwenyewe vile vile, wakati mzazi ameshikilia fremu tu.

Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo bora kuliko yote katika kibebeo hiki. Mtoto anayepanda mwenyewe hapingi kupandishwa. Kabla ya kuigundua ile paneli, kila mara nilipomwinua alikuwa akikakamaa kama ubao, na mimi nikiwa nimechoka nilikuwa nikifikiria mara mbili kabla ya kumshusha tena, hata aliponigonga kisogoni akisema, "Baba, chini." Mzazi anayesita kumshusha mtoto ameshageuza matembezi kuwa usafirishaji. Anayenunua na afanye jaribio hili dukani: afunge na kufungua kila kitu mara tano mfululizo, mtoto akiwa ndani, na asikubali kujibiwa kwamba atazoea.

Jambo la pili ni jinsi uzito unavyokaa. Mkanda wa kiunoni hauna budi kukaa juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni, na ukikazwa vizuri unabeba sehemu kubwa ya mzigo hadi mabega yabaki na kazi ya kuuzuia tu usilalie nyuma. Hapa kibebeo chetu kimefaulu kwa upande wangu na kushindwa kwa upande wa mke wangu, ambaye ana kimo kifupi kuliko changu kwa sentimita 15. Hata mgongo wa kibebeo ukishushwa hadi alama ya mwisho, mkanda ulimwangukia chini ya nyonga, na baada ya kilomita moja akawa anabeba kwa mabega. Maandishi ya kwenye kasha yalidai kuwa kinamfaa mtu wa kimo chochote. Si kweli, na watu wawili watakaopokezana kubeba na waende kukijaribu wote wawili.

Kando ya mto

Njia ya kando ya mto ina sifa moja inayoifaa familia kuliko njia nyingine yoyote: ni vigumu kupotea. Mto wenyewe ni kiongozi, na anayekwenda kwa kuufuata anajua kuwa atarudi kwa kuufuata. Mwinuko kwa kawaida ni mdogo, jambo ambalo mbebaji analishukuru kila hatua. Lakini ni huko huko mtoni nilikotambua kwamba kibebeo kinamwondolea mzazi uwezo mmoja ambao watoto wanauhitaji sana, nao ni uwezo wa kuinama ghafla.

Ilikuwa siku moja baada ya mvua. Binti yetu wa miaka saba alikuwa mbele yangu hatua tatu, akatoka nje ya njia ili atazame jinsi maji yalivyokuwa yakizunguka chini ya ukingo. Mahali penyewe palikuwa kwenye kona ya mto, upande wa nje. Katika kona, maji huenda kasi zaidi upande wa nje na kuula ukingo kwa chini, huku upande wa ndani yakitua na kulaza mchanga. Kwa hiyo ukingo wa nje unaweza kuonekana imara, una nyasi na kila kitu, kumbe ni ulimi wa udongo ulioning'inia hewani. Nilimwita, lakini maji yalikuwa na kelele, hakunisikia. Nikanyoosha mkono nimshike nguo, na papo hapo nikahisi kilo 12 za mdogo wake zikinijia kisogoni na kunivuta mbele kuelekea huko huko majini. Nilijizuia. Mama yao, aliyekuwa nyuma yangu, alipita akamshika mkono na kumrudisha njiani bila kelele. Ukingo haukuanguka. Hata hivyo, tangu siku hiyo tuna utaratibu ambao hatuuvunji: aliyevaa kibebeo hana dhamana ya mtoto anayetembea. Dhamana hiyo ni ya mtu mzima mwingine, na huyo ndiye anayetembea upande wa maji. Nikiwa peke yangu na watoto wote wawili, kibebeo hakiendi kwenye njia nyembamba ya mtoni. Tunachagua njia pana iliyo mbali na ukingo.

Kuvuka maji nako kuna hesabu yake. Mtu anayevuka kijito akiwa na shanta ya kawaida hushauriwa afungue mikanda ya kiunoni na kifuani ili, akianguka, aweze kuivua na kujiokoa. Ushauri huo hauna maana pale ambapo aliyemo ndani ya mzigo ni mtoto aliyefungwa mikanda. Kwa sababu hiyo sivuki na kibebeo mahali popote pasipo na daraja, hata maji yawe ya kufika kwenye vifundo vya miguu tu, na mawe ya kukanyaga yaliyopangwa majini nimeyafuta katika orodha yangu hadi mtoto atakapoyavuka kwa miguu yake akishikwa mkono. Madaraja ya mbao yaliyo kivulini huota utelezi, hivyo huko nako ni hatua fupi fupi.

Guu la kusimamishia kibebeo nalo lina udhaifu unaojitokeza mtoni kuliko kwingineko. Limetengenezwa kwa ajili ya kumpakia na kumpakua mtoto. Si guu la kiti cha kupumzikia, ingawa nimeona familia nyingi zikimwacha mtoto amelala ndani ya kibebeo kilichosimama huku wao wamekaa mbali wakipiga soga. Ukingo wa mto huwa na mteremko, mchanga huwa laini, na mtoto akijisukuma nyuma mara moja tu, chombo kizima hulala chali. Sisi hukiegemeza kwenye shina la mti, mbali na maji, na mkono mmoja haubanduki kwenye fremu.

Mchanga huo huo ndio ulionipa malalamiko yangu makubwa. Katika mwezi wa nne, chembe za mchanga wa mtoni ziliingia kwenye bawaba ya guu, na guu likaanza kukwama katikati, halifunguki hadi mwisho wala halirudi. Guu lililofunguka nusu ni baya kuliko lisilofunguka kabisa, kwa sababu linamdanganya mtu kwamba kibebeo kimesimama. Niliwaandikia watengenezaji, nikajibiwa baada ya wiki tatu kwamba nitume picha, nikatuma, kisha nikaelezwa kuwa uchakavu wa kawaida haumo katika dhamana. Sioni uchakavu wa kawaida katika chombo cha matembezi kinachoshindwa na mchanga baada ya miezi minne. Nilichofanya ni kuisafisha bawaba kwa brashi ndogo kavu na maji matamu kila tunaporudi, bila kuipaka mafuta, kwa kuwa mafuta hukamata mchanga mwingi zaidi, na tangu hapo haijakwama. Lakini kazi hiyo ilipasa kufanywa na aliyeibuni bawaba kwa kuifunika.

Ndani ya msitu

Msituni tatizo liko juu. Mtoto akiwa kitini, utosi wake unapita wangu kwa kiasi cha shibiri moja, na shibiri hiyo macho yangu hayana habari nayo. Mwili wa mtu umezoea kupita chini ya tawi kwa kukadiria kichwa chake mwenyewe. Katika matembezi yetu ya kwanza msituni nilipita chini ya tawi ambalo hata sikulifikiria, nikasikia mkwaruzo, kisha kilio, kisha sauti ya dada mtu: "Baba, umempigisha tawi!" Ilikuwa alama nyembamba kwenye paji la uso, iliyopona kwa siku mbili, lakini ilinifundisha kuvaa kofia ya mawazo yenye urefu wa shibiri. Kosa la pili linafuata la kwanza: ukishalikumbuka tawi, unainama mgongo kama kawaida, na kumbe kwa kuinama unampeleka mtoto mbele, uso wake ukiwa wa kwanza kukutana na majani. Inafaa kukunja magoti, mgongo ukibaki wima, na kupita kama mtu anayeshuka ngazi. Magoti yatachoka. Katika msitu mnene wenye matawi ya chini napendelea mtoto atembee mwenyewe na kibebeo kiwe kitupu mgongoni, na hapa tena ile paneli ya pembeni inalipa.

Paa la kivuli, ambalo watengenezaji hulitangaza sana, msituni halina kazi. Miti imeshatoa kivuli, na paa linakamata kila kijiti na kukirudisha usoni pa mtoto. Tunalikunja tunapoingia mitini na kulifungua tunapotoka kwenye uwazi wa mto, ambako jua hupiga kutoka juu na kurudi tena kutoka majini. Kwa upande wa mto nalipongeza: linafunika vizuri hadi jua la mchana, ila jua likishateremka upande wa magharibi halina lolote, na kofia ya kawaida inafanya kazi vizuri zaidi.

Njia za msituni zina mizizi, na mizizi iliyokanyagwa na watu wengi huwa imelainika kama sabuni ikilowa. Kwa kuwa uzito wa kibebeo uko juu, kuteleza kidogo kwa mguu kunakuwa yumbo kubwa kwa anayekaa kitini. Fimbo moja ya kutembelea inasaidia sana. Fimbo mbili zinasaidia zaidi kwa mizani ya mwili, lakini zinakunyima mkono, na mtu mwenye mtoto asijinyime mkono. Siku ya upepo mkali hatuingii msituni kabisa, kwa kuwa matawi makavu yaliyokwama juu huanguka bila taarifa, na tunapopumzika siku nyingine yoyote, kwanza tunatazama kilichopo juu yetu.

Wapo na kupe. Hawaruki wala hawana haja ya kudondoka kutoka mitini. Wengi hupanda kwenye jani la nyasi au kichaka kifupi na kusubiri mwenye damu apite awaguse. Mtoto aliye mgongoni yuko juu ya eneo hilo, na hiyo ni faida ya kweli. Faida hiyo hupotea mara tu kibebeo kinapolazwa kwenye nyasi ndefu wakati wa mapumziko, kwa kuwa kitambaa cha kiti kinaweza kumbeba kupe hadi pajani kwa mtoto. Tukifika nyumbani tunakikung'uta kwanza nje, ndipo tunawakagua watoto nyuma ya masikio, kwenye nywele za kisogoni, makwapani na nyuma ya magoti.

Mbebwa na mwili wake

Wahenga walisema mbebwa hujikaza. Aliyesema hivyo hakumwona mbebwa aliyelala. Mwendo wa mbebaji unabembeleza, na kwa mwanangu usingizi huja kama dakika ishirini baada ya kupanda, ndipo shingo inapolegea na kichwa kuning'inia upande. Kibebeo hiki kina mto mdogo mbele ya uso wa mtoto ambao unafaa akilalia mbele, na hauna chochote cha kuzuia kichwa kisiangukie pembeni. Nimeongeza kitambaa laini kilichokunjwa pande zote mbili. Dada yake humtazama kila baada ya muda na kunipa taarifa ya hali yake, kwa kuwa mimi simwoni. Baadaye nilifunga kioo kidogo kwenye mkanda wa bega, na ninashangaa kwa nini kibebeo hakikuja nacho.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni joto. Mimi ninapanda kilima nikitokwa jasho, ninavua koti, ninaona siku ni nzuri. Aliye nyuma yangu hatumii misuli, hazalishi joto la kutembea, anapigwa na upepo ulioko juu ya kichwa changu, na miguu yake inaning'inia. Hisia ya mbebaji ni kipimo kibaya cha hali ya mbebwa. Mikono ya mtoto nayo hudanganya, kwa kuwa inaweza kuwa baridi hata pale mwili wake una joto la kutosha. Nagusa nyuma ya shingo, chini ya ukosi. Kando ya mto, ambako hewa huwa na unyevu, ninamvalisha nguo moja zaidi kuliko ninayoona inahitajika, na kwenye jua kali nafanya kinyume chake, kwa sababu mgongo wangu wenye joto na kitambaa cha kiti vinamfungia hewa kifuani.

Vikanyagio vya miguu vipo, na visidharauliwe. Bila hivyo, ukingo wa kiti hubana mapaja kwa chini na miguu hufa ganzi, na mtoto ambaye hajui neno ganzi atalia tu. Vyetu vinarekebishwa kwa mkanda mfupi, na nimevishusha mara tatu kadiri alivyokua. Kiatu nacho kikague. Kiatu cha mtoto aliyelala hudondoka bila sauti kwenye majani, na tulishawahi kurudi kilomita nzima kukitafuta kimoja, tukakikuta kimetundikwa kwenye kijiti na mpita njia mwema. Siku hizi kamba za viatu hufungwa kwenye vikanyagio.

Muda na umbali

Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ya kukadiria muda: saa moja kwa kila maili tatu, ambazo ni karibu kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani kama mita 600. Kwa kanuni hiyo njia yetu ya mtoni ya kilomita tano, isiyo na mwinuko wa maana, ingetuchukua saa moja. Inatuchukua saa tatu. Wakati nakinunua kibebeo nilitarajia kitatupunguzia muda huo, na katika safari chache za mwanzo nilimlazimisha mtoto akae ili tuende haraka. Tulifika kwa saa moja na nusu, wote tumenuna. Kinachopungua kwa kibebeo ni wasiwasi wa kurudi. Unajua kwamba miguu midogo ikigoma katika kilomita ya nne, kuna namna ya kufika mwisho, na kwa sababu hiyo unaweza kumruhusu mtoto aipoteze nusu saa yote akitupa majani upande mmoja wa daraja na kukimbilia upande wa pili kuyaona yakitokea. Kwa binti yetu mkubwa faida ni hiyo hiyo: haambiwi tena kwamba tunarudi kwa sababu mdogo wake amechoka.

Mifuko niipite haraka. Ule wa chini ni mkubwa, lakini ukiujaza, guu halirudi vizuri. Ule wa mkanda wa kiunoni ni mdogo mno kwa simu ya kisasa. Kitambaa cha kiti kinavuliwa na kufuliwa kwa mkono, kinakauka kwa usiku mmoja, na rangi haijapauka. Kijifuniko cha mvua kiliuzwa peke yake, na hilo limeniudhi kuliko ukubwa wa jambo lenyewe.

Kigari cha kusukuma ni bora kuliko kibebeo kwenye njia iliyotandazwa changarawe laini, na hakifai kitu kwenye mizizi na ngazi. Mbeleko ya kitambaa ni nyepesi, inakunjwa ikaingia mfukoni, na kwa matembezi ya chini ya saa moja ningeichagua hiyo bila kufikiri. Kibebeo chenye fremu kinastahili kununuliwa na familia yenye watu wazima wawili, mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu hivi, na mazoea ya kwenda matembezi ya nusu siku angalau mara moja kwa mwezi. Anayekwenda mara mbili kwa mwaka na aazime.

Na wapo wengi wanaouza vilivyotumika, kwa kuwa muda wa mtoto kukifaa ni mfupi na chombo chenyewe hudumu. Anayenunua hicho asitazame usafi wa kitambaa. Atazame mishono pale mikanda inapoungana na fremu, apitishe kidole kwenye mabomba akitafuta ufa au mbonyeo, ahesabu klipu, ahakikishe mkanda wa kifua cha mtoto upo na haujakatwa, na asimamishe guu mara kumi akisikiliza kama linajifunga kila mara. Chetu kilihamia kwa familia nyingine mwezi uliopita, kwa kuwa mwanangu sasa anatembea kilomita nne na kugoma kubebwa. Tulikikabidhi na kioo chake, vitambaa viwili vya kuzuilia kichwa, na ile brashi ndogo ya bawaba.